Tonge Dogo Lenye Nguvu: Mwongozo wa Chakula kwa Mgonjwa wa Mapafu

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huchoka kabla hajashiba. Sisi tunaouguza nyumbani huchelewa kulitambua jambo hilo, kwa sababu tukiona sahani imebaki nusu tunadhani mgonjwa amekosa hamu au anadeka, kumbe pumzi ndiyo iliyomwishia. Mimi nililijua nilipokuwa nikimwuguza mama yangu mkubwa katika kijiji kimoja cha Chamwino, mkoani Dodoma, mama ambaye kwa miaka mingi alipikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Alikuwa akimega tonge la ugali wa uwele, akalifinyanga, akalichovya kwenye mlenda, kisha mkono ukasimama njiani kati ya bakuli na mdomo, huku mabega yakipanda na kushuka. Tonge la tano au la sita lilirudi sahanini. "Nimeshiba, mwanangu," alikuwa akisema, nami nilimwamini kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa wa namna hiyo: mwenye njia za hewa zilizosinyaa kwa sababu ya tumbaku au moshi wa kuni na mkaa, mwenye pumu ya miaka mingi, mwenye mapafu yaliyobaki na makovu baada ya kupona kifua kikuu, au aliyevuta vumbi la mawe migodini. Chakula hakirudishi pafu lililoharibika, na yeyote anayeuza unga au majani kwa ahadi hiyo anadanganya. Kinachofanywa na chakula ni kulinda misuli inayovuta hewa, kwa kuwa mgonjwa huyu hutumia nguvu nyingi kuliko mtu mzima wa afya kwa kazi ile ile ya kupumua, na asipolishwa vya kutosha mwili huanza kuila misuli yake wenyewe, ikiwa ni pamoja na ile ya kifua.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kubadili chochote

Mpeleke mgonjwa kwenye zahanati au kituo cha afya, apimwe uzito na urefu, na uandike kilo hizo pamoja na tarehe. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa watu wazima kwa jumla, chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Lakini kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa madaktari huanza kuwa na wasiwasi mapema zaidi, uwiano unapofika 21 au kushuka chini yake. Kwa mama mwenye urefu wa mita 1.55, kiwango hicho ni kama kilo 50 na nusu. Kwa baba wa mita 1.70, ni karibu kilo 61. Angalia pia mwendo wa uzito. Aliyekuwa na kilo 60 akapoteza 3 ndani ya miezi 6 bila kukusudia amekwisha kupoteza sehemu ya kutosha kumfanya daktari aulize maswali, hata kama bado anaonekana mnene.

Usikubali haraka kwamba anakonda kwa sababu ya ugonjwa wake wa zamani. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito vinahitaji kipimo cha makohozi, hata kwa mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu na kuambiwa amepona, kwa maana ugonjwa huo hurudi. Kipimo na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Uliza pia kuhusu sukari, figo na moyo, kwa kuwa majibu ya maswali hayo yatabadilisha baadhi ya yanayofuata hapa chini.

Hatua ya pili: panga mlo kwa kufuata pumzi

Nyumba nyingi za kwetu zina mlo mmoja mkubwa, nao ni wa jioni, watu wakisharudi shambani. Kwa mgonjwa wa mapafu hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu amekwisha choka na kifua kimebana. Mlo wake mkubwa uwe asubuhi au mchana, na wa jioni uwe mwepesi, ulioliwa mapema ili asilale tumbo likiwa limejaa.

Badala ya milo 2 au 3, mpe midogo 5 au 6. Tumbo lililojaa husukuma kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na kiwambo kikisukumwa juu pafu halina nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana mgonjwa anayeshindiliwa sahani kubwa kwa nia njema huhema baada ya kula kana kwamba amepanda mlima.

Nusu saa au saa nzima kabla ya mlo, msaidie akohoe na kutoa makohozi, kisha apumzike. Kama daktari amempa dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, muulize kama inafaa aitumie kabla ya kula. Aketi wima kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikiwa imekanyaga chini na viwiko vikiwa mezani. Mkeka na kigoda kifupi vinakunja tumbo na kuminya kifua, kwa hiyo desturi ya kula chini iwekwe kando kwa ajili yake. Ale tonge moja, atafune, ameze, ndipo apumue taratibu, akitoa hewa kwa midomo iliyokunjwa kama anayepoza chai ya moto. Mazungumzo yasubiri. Akipaliwa mara kwa mara wakati wa kula au kunywa, mweleze daktari, maana huenda chakula kinaingia kwenye njia ya hewa. Asilale kabla ya nusu saa au zaidi kupita.

Mwenye kutumia oksijeni kwa mipira ya puani aendelee nayo anapokula, isipokuwa ameelekezwa vingine, kwa kuwa kula nako ni kazi. Lakini asikae karibu na jiko. Oksijeni huchochea moto kwa kasi ya kutisha, hivyo mtungi au mashine ikae angalau mita 3 kutoka kwenye kuni, mkaa, mshumaa, kibatari au mtu anayevuta sigara.

Hatua ya tatu: punguza ukubwa wa tonge, ongeza nguvu iliyomo

Ikiwa mgonjwa ana uwezo wa kula matonge 6, basi matonge hayo yabebe kile ambacho wengine hukipata katika 15. Hii ndiyo hatua inayohitaji akili ya mpishi kuliko fedha, na Dodoma haina upungufu wa vitu vya kuanzia.

Chukua mlenda. Ni mboga inayomfaa sana mgonjwa huyu, kwa sababu huteleza, haichoshi taya na humsaidia kumeza ugali bila kutafuna sana. Hata hivyo mlenda mtupu ni majani na maji. Ukiongeza vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa, umetia karibu gramu 8 za protini pamoja na mafuta yanayotia nguvu. Ukiongeza kiganja cha dagaa wakavu waliooshwa vizuri mchanga na kupondwa, umetia gramu nyingine 10 au zaidi, na kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, umetia pia madini ya kujenga mifupa. Bakuli ni lile lile, tonge ni lile lile.

Mafuta ya alizeti, ambayo katika mikoa ya Singida na Dodoma hukamuliwa karibu kila mji mdogo, yana takriban kalori 120 kwa kijiko kimoja kikubwa. Kijiko hicho hakionekani kikishachanganywa katika uji, wali au mboga ya kunde. Wako wanaosema kwamba mgonjwa wa mapafu aache kabisa ugali kwa sababu wanga ukitumika mwilini hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mafuta. Ni kweli kwamba hutoa zaidi, na kwa mgonjwa anayeshindwa kuitoa hewa hiyo ni vyema sehemu ya nguvu zake itoke kwenye mafuta. Lakini kumnyima ugali mtu aliyezoea ugali ni kumpunguzia chakula, na chakula kidogo mno kitamdhuru kuliko hewa hiyo. Kinachofaa kuachwa ni soda, juisi za unga na sukari ya kumimina. Ugali wenyewe uwe laini kidogo kuliko kawaida, na ukiwa wa uwele au mtama usiokobolewa, protini na madini ya chuma ni zaidi ya yale ya sembe.

Kuhusu protini, wataalamu wa lishe hulenga gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa mgonjwa wa mapafu anayekonda, isipokuwa mwenye figo mbovu, ambaye lazima apangiwe na daktari. Kwa mtu wa kilo 50 hiyo ni gramu 60 hadi 75. Inasikika kuwa nyingi, lakini tazama siku moja ilivyo. Asubuhi ni uji wa uwele uliopikwa kwa glasi ya maziwa na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Saa nne, yai moja la kuchemsha na ndizi mbivu. Mchana ni ugali mdogo wa mtama na mlenda wa karanga na dagaa, kama tulivyoueleza. Saa kumi, glasi ya maziwa mgando. Jioni mapema, wali kidogo na kipande cha samaki aina ya perege kutoka bwawa la Mtera, kilichochemshwa na kutolewa miiba. Ukijumlisha, unakaribia gramu 70, na hakuna mlo hata mmoja uliojaza sahani.

Maziwa yana maneno mengi. Husemwa kwamba yanaongeza makohozi, na wagonjwa wengi wameyaacha kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba maziwa yakichanganyika na mate huacha utando mdomoni na kooni unaofanana na makohozi, ila mapafu hayatengenezi makohozi zaidi kwa sababu ya maziwa. Anywe, kisha asukutue kwa maji. Tumbo likimvuruga, maziwa mgando humeng'enywa kwa urahisi zaidi. Yawe yamechemshwa kwanza.

Sasa tahadhari ya karanga. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi wa nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, nayo huharibu ini. Kuiva jikoni hakuiondoi. Nunua karanga nzima, uzichambue mwenyewe, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, ndipo uzikaange na kuzisaga kidogo kidogo. Usinunue zilizokwisha sagwa, kwa maana huwezi kujua kilichoingia kinuni. Kwa sababu hiyo hiyo simpendekezei mgonjwa ule unga wa lishe unaochanganya nafaka na kunde za aina 8 au 10 pamoja na karanga: mafuta ya karanga huuharibu unga mapema, na soya isiyochemshwa au kukaangwa vya kutosha kabla ya kusagwa huvuruga tumbo. Saga nafaka moja au mbili, na karanga uziongeze sufuriani siku ya kupika.

Hatua ya nne: ondoa vinavyojaza tumbo na vinavyozuia maji mwilini

Maharage, mbaazi na kunde ni protini ya bei nafuu, lakini gesi yake hukibana kiwambo. Usiyaache kwanza, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa, na anza kwa kiasi kidogo. Choroko na dengu zilizokobolewa huwa na upole zaidi. Ikiwa baada ya haya yote tumbo bado linamjaa, basi mwili wake umekataa, nawe tumia mayai na samaki.

Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo huhesabiwa pia ile iliyomo ndani ya dagaa wa chumvi, samaki wa kukaushwa na viungo vya unga vya pakiti. Kwetu kuna jambo moja la ziada linalosahaulika, nalo ni magadi. Mlenda wa Kigogo hulainishwa kwa magadi, na magadi yana sodiamu, madini yanayozuia maji mwilini, kama chumvi ilivyo nayo. Mtu anaweza kupunguza chumvi kwa bidii huku akiyarudisha yote kupitia magadi. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeanza kulemewa, miguu ikavimba, jambo hilo si dogo. Pika mlenda bila magadi, au tia punje chache sana, na ladha itafute kwenye nyanya, kitunguu, limau na ubuyu.

Hatua ya tano: maji, matunda na majira

Maji ya kutosha hulainisha makohozi yakatoka kwa urahisi, jambo lenye uzito katika mkoa mkavu wenye vumbi kama huu. Glasi 6 hadi 8 kwa siku zinawatosha wengi, ila mwenye moyo dhaifu au miguu iliyovimba anywe kiasi alichopangiwa. Anywe zaidi kati ya mlo na mlo, kwa sababu maji wakati wa kula huijaza nafasi ya chakula.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miezi hiyo mboga za majani hujaa huku maghala yakiwa matupu. Kiangazi hali hugeuka, nafaka ipo lakini mchicha ni wa kununua. Kwa hiyo kausha majani ya kunde kivulini wakati yapo, na mapema uweke akiba ya nafaka na mafuta kwa ajili ya mgonjwa, maana njaa ya Januari na Februari huwafika wanaohema kabla ya wengine. Unga wa ubuyu una vitamini C kwa wingi na hukaa muda mrefu. Uchanganywe kwenye uji uliokwisha ipuliwa, usiwe ubuyu wa kupikwa kwa sukari na rangi. Zabibu zetu ni tunda zuri, lakini ni tunda tu; hazisafishi mapafu, na divai haimfai mtu ambaye usiku pumzi yake tayari ni nzito.

Hatua ya sita: linganisha chakula na dawa

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe wa njia za hewa, ikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha mifupa na misuli, huweza kupandisha sukari na kuhifadhi chumvi mwilini. Anayeitumia aimeze pamoja na chakula, asikose maziwa na dagaa, na akae juani kwa muda mfupi asubuhi, maana wagonjwa wengi hujifungia ndani katika mji wenye jua karibu mwaka mzima. Asiiache ghafla bila daktari. Dawa hiyo pamoja na salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, huweza kushusha madini ya potasiamu, ambayo hupatikana kwenye ndizi, viazi na mboga za majani. Wenye ugonjwa wa figo wasiongeze vyakula hivyo bila kuuliza.

Anayemeza aminofilini au theofilini, vidonge vya kufungua njia za hewa, apunguze kahawa na chai kali, kwa kuwa kafeini huzidisha mapigo ya moyo na kutetemeka kunakoletwa na dawa hizo. Anayetumia dawa ya kuvuta yenye steroidi asukutue na kutema kila baada ya kuitumia, la sivyo utando mweupe utaota mdomoni na kila chakula kitamchukiza. Chai ya tangawizi hutuliza koo, wala haina ubaya. Ubaya huanza pale inapochukua nafasi ya dawa.

Kwa familia zinazofunga, kama zilivyo nyingi za Kondoa wakati wa Ramadhani, aliye chini ya uzito unaofaa au anayehema akiwa amekaa aongee na daktari kabla ya mwezi kuanza. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Mgonjwa mnene kupita kiasi naye ana shida yake, kwa kuwa mafuta ya tumboni hukibana kiwambo vilevile. Kwake ondoa sukari na vya kukaanga, acha protini ilivyo, na apungue polepole.

Hatua ya saba: mwondoe mgonjwa kwenye moshi wa chakula chake mwenyewe

Haina maana kumlisha mayai mtu anayeyapikia mwenyewe juu ya mafiga matatu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nyumba yenye mgonjwa wa mapafu isingoje mwaka huo. Mtungi mdogo wa gesi wa kupikia uji na yai lake, hata kama chakula cha familia kitaendelea kupikwa kwa kuni, ni mwanzo mzuri. Pasipo uwezo huo, jiko lihamie nje, kuni ziwe kavu, sufuria ifunikwe, na mgonjwa akae upande upepo unakotoka.

Hatua ya nane: rudia mizani

Mpime kila mwezi, kwa mizani ile ile ikiwezekana, akiwa na nguo nyepesi. Kilo moja au mbili zikipungua mfululizo, rudi kwenye hatua ya tatu na umwone afisa lishe wa wilaya au wa hospitali. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache huku miguu ikivimba, hayo si mafanikio ya uji wako bali ni maji, na anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Na ikiwa midomo au kucha zimekuwa za bluu, hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, anasinzia au kuchanganyikiwa kusiko kwa kawaida, au anakohoa damu, acha chakula mezani umpeleke hospitali, mkiwa mmechukua dawa zake zote na kile kikaratasi cha kilo.